Homoni ya kiume ikishuka, moyo nao upimwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo nimelitazama kwa zaidi ya miaka 20 nikiwa mtaalamu wa maabara ya hospitali, yaani mtu ambaye ni mara chache kuonana na mgonjwa uso kwa uso, lakini damu yake hupita mikononi mwangu kila siku. Jambo lenyewe ni homoni ya testosteroni. Inapotajwa hadharani, hutajwa karibu kila mara kwa habari za chumba cha kulala peke yake: nguvu za kiume zimepungua, hamu imetoweka, basi homoni iongezwe. Sikatai kwamba mambo hayo yanahusiana. Ninachosema ni kwamba mwanamume wa makamo ambaye testosteroni yake imeshuka mara nyingi ana tatizo jingine mwilini, zito kuliko lile lililomfikisha kwa daktari, na tatizo hilo linahusu moyo wake, mishipa yake ya damu, na namna mwili wake unavyotumia sukari na mafuta.

Nieleze tukio moja bila kumtaja mtu wala mahali. Alasiri moja, saa kumi kasoro robo, tuliletewa chupa ya damu ya mwanamume wa miaka 47. Fomu yake ilikuwa na alama kwenye kipimo kimoja tu, testosteroni. Sukari haikuombwa, mafuta ya damu hayakuombwa, na hata ile sehemu ya kuandika saa ya kutolewa damu ilikuwa tupu. Niliiweka chupa kwenye mashine ya kuzungusha damu ili chembe nyekundu zishuke chini na majimaji yake, ambayo sisi huyaita seramu, yabaki juu. Kwa kawaida seramu huwa na rangi ya manjano hafifu, na ukiinua chupa kwenye mwanga unaviona vidole vyako upande wa pili. Ile ilikuwa nyeupe kama maziwa, na sikuona kidole hata kimoja. Weupe huo huletwa na mafuta aina ya trigliseridi yanapozidi sana katika damu, na yakifika kiasi kile huweza hata kuvuruga vipimo vyenyewe.

Nilimpigia simu daktari aliyeandika fomu, tukakubaliana mgonjwa arudi asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Aliporudi, seramu yake bado ilikuwa na ukungu. Sukari ilikuwa milimoli 11 kwa lita, ilhali mtu ambaye hajala akifikisha 7, na kipimo kikirudiwa kikathibitisha, huhesabiwa kuwa na kisukari. Muuguzi alimpima shinikizo la damu akakuta 160 kwa 100. Testosteroni nayo ilikuwa chini kweli, nanogramu 240 kwa desilita. Alikuwa amekuja kutafuta sindano ya kurudisha nguvu za kiume, kumbe kisukari kilikuwa kimeshaingia na hana habari. Kama maabara ingetekeleza fomu kama ilivyoandikwa, angepewa jibu moja, na jibu hilo lingekuwa sahihi na bado lingempoteza.

Ili msomaji aone kwa nini mambo haya hufuatana, ni lazima nieleze kidogo jinsi homoni hii inavyotengenezwa. Korodani hazijiamulii zenyewe. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma ishara kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, na pituitari huachia katika damu homoni ya LH, ambayo ndiyo huziamuru korodani kufanya kazi. Kwa hiyo upungufu una asili mbili. Pengine korodani zenyewe zimeharibika, kwa jeraha, kwa matubwitubwi yaliyoteremkia huko, kwa tiba ya saratani au kwa hitilafu ya kuzaliwa nayo, na hapo LH hupanda sana kwa sababu pituitari inaamuru bila kuitikiwa. Pengine korodani ni nzima, ila amri ndiyo iliyofifia. Katika hali hii ya pili testosteroni huwa chini na LH nayo haipandi, na hii ndiyo sura tunayoikuta mara nyingi kwa wanaume wenye kitambi na kisukari cha aina ya pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwapima wanaume wenye kisukari hicho na kukuta kwamba theluthi yao walikuwa na upungufu wa testosteroni wa namna hiyo hiyo.

Mafuta ya tumboni, yale yanayojaa kuzunguka ini na utumbo, hayakai pale kama akiba iliyolala. Ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho aromatasi ambacho huigeuza testosteroni kuwa estradioli, homoni tunayoihusisha zaidi na wanawake. Mafuta hayo hayo huachia kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, na kemikali hizo hufifisha amri inayotoka kwenye ubongo. Pamoja na hayo, mwili ukishakuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi, na insulini nyingi huambatana na ini kupunguza protini inayobeba homoni za jinsia katika damu. Jambo hili la mwisho huwakosesha njia hata watabibu. Protini hiyo ikipungua, kipimo cha testosteroni yote hushuka, ingawa ile iliyo huru, ambayo hasa ndiyo inayofanya kazi, huenda haijashuka kiasi hicho. Mwanamume mnene anaweza kuandikiwa kwamba ana upungufu mkubwa wakati alichopungukiwa zaidi ni cha kuibebea homoni, na ndiyo maana majibu yaliyo karibu na mpaka yanahitaji protini hiyo ipimwe na testosteroni huru ikokotolewe kabla ya mtu kupewa hukumu.

Njia haiendi upande mmoja tu. Testosteroni ikishuka, misuli hupungua na mafuta huongezeka, na kwa kuwa misuli ndiyo mlaji mkubwa wa sukari baada ya mlo, sukari hukosa pa kwenda. Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili umetoka kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume. Tangu mwaka 1941, Charles Huggins na wenzake walipoonyesha kwamba saratani hiyo hulishwa na homoni za kiume, wagonjwa wengi wamekuwa wakitibiwa kwa kuondolewa testosteroni, zamani kwa upasuaji na siku hizi zaidi kwa dawa. Ni tiba inayookoa maisha, na sisemi neno la kumfanya mgonjwa yeyote aiache. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichunguza kumbukumbu za wanaume zaidi ya 73,000 wenye saratani hiyo, wakakuta kwamba waliopewa dawa za kuzima homoni walipata kisukari na maradhi ya mishipa ya moyo kwa wingi kuliko ambao hawakupewa. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliagiza onyo hilo liandikwe kwenye dawa zenyewe. Hapo hatuzungumzii tena mambo mawili yaliyokutana kwa bahati, kwa kuwa homoni iliondolewa kwa makusudi na sukari ikafuata nyuma yake.

Basi kitambi huishusha testosteroni, na testosteroni iliyoshuka huongeza kitambi. Mwanamume anaweza kuteremka ngazi hiyo miaka kumi asijue, kwa sababu hakuna hatua hata moja inayouma.

Dalili ya kwanza anayoiona huwa ile anayoionea aibu. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ilhali ile inayoulisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Kuta za mishipa zikianza kuharibika kwa sukari, mafuta, shinikizo la damu na sigara, iliyo myembamba ndiyo hulemewa mapema. Ndiyo maana kudhoofika kwa nguvu za kiume kunaweza kutangulia maumivu ya kifua au mshtuko wa moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Nimeifikiria miaka hiyo mara nyingi. Ni muda ambao mtu amepewa bila kuuomba, wa kupima shinikizo la damu, kuanza dawa za sukari au za lehemu (kolesteroli) kama zinahitajika, kuacha sigara na kupunguza tumbo. Muda huo hupotea wote anapopewa cha kumsisimua na kurudishwa nyumbani bila mtu yeyote kumshika mkono na kumpima presha.

Huko California, katika uchunguzi maarufu wa wazee wa Rancho Bernardo, wanaume 794 wa miaka 50 hadi 91 walipimwa na kufuatiliwa kwa muda mrefu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba robo yao waliokuwa na testosteroni ya chini kabisa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 40. Takwimu kama hii hunukuliwa sana na wauzaji wa homoni, kana kwamba tayari imethibitisha kuwa kuongeza testosteroni ni kuongeza maisha. Haijathibitisha hivyo. Ugonjwa wowote mzito huishusha testosteroni, kwa hiyo kiwango cha chini kinaweza kuwa kinatangaza ugonjwa uliokwishaingia badala ya kuwa ndicho kilichouleta. Swali la kama kuirudisha homoni kunauponya moyo linahitaji utafiti wa namna nyingine, ule ambao wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa dawa na wengine kitu kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani.

Utafiti huo umefanyika, na historia yake inafaa kujulikana kwa sababu imejaa woga wa pande zote mbili. Mwaka 2010 jaribio lililofanywa kwa wazee 209 wenye shida ya kutembea lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa jeli ya testosteroni walipatwa zaidi na matatizo ya moyo kuliko wenzao. Mwaka 2015 FDA iliagiza watengenezaji waweke onyo kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi, na ikawataka wafanye utafiti mkubwa wa kulimaliza swali. Utafiti huo, uitwao TRAVERSE, ulitoa majibu mwaka 2023. Ulihusisha wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80, wote wakiwa na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata, na testosteroni yao ikiwa chini ya nanogramu 300. Waliopata kifo cha moyo, mshtuko wa moyo au kiharusi walikuwa asilimia 7.0 kwa waliopakwa homoni, na asilimia 7.3 kwa waliopakwa jeli tupu. Kwa maneno mengine hakukuwa na tofauti. Hata hivyo, waliopewa homoni walipatwa zaidi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, madonge ya damu kwenye mapafu na madhara ya ghafla ya figo, ijapokuwa kwa idadi ndogo. Mwaka 2025 FDA iliondoa lile onyo la moyo na kiharusi, ikaagiza badala yake onyo kwamba dawa hizi hupandisha shinikizo la damu.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: mwanamume aliyethibitishwa kweli kuwa na upungufu, mwenye dalili, anayefuatiliwa na daktari, asiogopeshwe kwamba homoni itauua moyo wake, na mwanamume mwenye moyo mgonjwa asidanganywe kwamba homoni itamponya.

Upande wa kisukari habari ni nzuri kidogo, ingawa nayo ina masharti. Huko Australia, utafiti wa T4DM uliochapishwa mwaka 2021 uliwachukua wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, wenye kiuno cha sentimita 95 au zaidi, ambao sukari yao ilikuwa imeanza kuharibika. Wote waliwekwa kwenye mpango wa kubadili mlo na kufanya mazoezi, kisha nusu wakachomwa sindano za testosteroni kwa miaka miwili. Mwishoni, waliokuwa na kisukari walikuwa asilimia 12 kwa waliochomwa homoni, na asilimia 21 kwa waliochomwa sindano tupu. Tofauti hiyo ni kubwa, na siwezi kuidharau. Lakini asilimia 22 ya waliopata homoni damu yao ilizidi kuwa nzito, chembe nyekundu zikichukua zaidi ya asilimia 54 ya damu yote, jambo lililowapata asilimia 1 tu ya wenzao. Sisi wa maabara tunaijua damu ya namna hiyo kwa macho: ukiizungusha, chembe zinapita nusu ya chupa na seramu inabaki kidogo juu, na damu nzito namna hiyo hupita kwa taabu kwenye mishipa ambayo tayari ina kasoro. Anayechoma homoni bila kupimwa damu kila baada ya miezi michache hawezi kujua kama yumo katika hao asilimia 22.

Lipo kundi jingine ambalo hunisikitisha zaidi, nalo ni vijana. Homoni ikiingizwa kutoka nje, pituitari huiona damu imejaa na kuacha kutoa LH. Korodani zisizoamriwa husinyaa, na mbegu za uzazi hupungua hata kuisha kabisa. Kijana anayejichoma ili apate kifua kipana anaweza kuja kwetu miaka michache baadaye na mkewe wakitafuta mtoto, na chini ya hadubini tusione mbegu hata moja. Wengi hurudi katika hali yao baada ya kuacha, lakini huchukua miezi mingi, na miezi hiyo ni mirefu sana kwa watu wawili wanaosubiri.

Kuhusu kipimo chenyewe nitasema machache, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mchana, na hushuka tena baada ya kula. Miongozo ya kitaalamu inataka damu itolewe asubuhi, mtu akiwa hajala, na jibu la chini lirudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa upungufu. Damu isitolewe pia mtu akiwa mgonjwa wa homa kali au ametoka kulazwa. Wengi hutumia nanogramu 300 kwa desilita kama mpaka, lakini mpaka huo bila dalili hautoshi, na dalili bila kipimo hazitoshi pia. Uchovu, kwa mfano, una sababu nyingi mno. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79, ulipodai yote mawili, yaani homoni ya chini pamoja na dalili tatu za wazi za kijinsia, ulikuta kwamba waliostahili kuitwa wenye upungufu wa uzeeni ni asilimia 2.1 tu. Matangazo yanayokuja na maswali ya kila mtu, kama unachoka jioni au unakosa furaha, yangewaandikisha karibu wote.

Yapo pia yanayoipandisha homoni bila sindano. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2013 yalionyesha kwamba kadiri mtu anavyopungua uzito ndivyo testosteroni inavyopanda, kwa kiasi kidogo kwa wanaobadili mlo na kwa kiasi kikubwa kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Usingizi nao una nguvu kuliko watu wanavyodhani: huko Chicago, vijana kumi wenye afya waliolala saa 5 tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja walishuka testosteroni ya mchana kwa asilimia 10 hadi 15. Mwanamume mnene anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, akiamka amechoka kuliko alivyolala, anahitaji kuchunguzwa usingizi wake kabla ya homoni zake. Na anayetumia kwa muda mrefu dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, au dawa za steroidi za kutuliza uvimbe, amweleze daktari, kwa sababu zote mbili huizima amri ile ya pituitari.

Yule mwanamume wa chupa nyeupe hakuchomwa homoni. Alianzishiwa dawa za kisukari na za shinikizo la damu, akapewa mtu wa kumwelekeza kuhusu mlo, akaanza kutembea. Nilikutana tena na damu yake baada ya miezi minane. Seramu ilikuwa ya manjano, na vidole vyangu nikaviona. Testosteroni ilikuwa imepanda hadi nanogramu 330, kiwango ambacho si cha kujivunia lakini kimevuka mpaka bila msaada wa sindano. Hali yake ya chumbani sikuiuliza, wala haikuwa haki yangu kuiuliza.

Ombi langu kwa gazeti lako ni kwamba makala zinazohusu nguvu za kiume ziandikwe pamoja na moyo, sukari na shinikizo la damu, kwa sababu ndivyo zinavyoingia maabara. Kwa madaktari na matabibu, ambao najua wengi wao husoma ukurasa huu, ombi langu ni dogo zaidi. Mnapoweka alama kwenye testosteroni, wekeni pia kwenye sukari na mafuta ya damu, mpimeni mgonjwa presha na kiuno angali amekaa mbele yenu, na ile sehemu ya saa ya kutolewa damu msiiache tupu.

Ni mimi msomaji wako,
Mtaalamu wa maabara ya hospitali